Mkondo Mdogo Haumaanishi Waya Mwembamba

Jinsi ya kuchagua unene wa waya kwa taa na vifaa vidogo vya nyumbani

Nyumba mbili zinazofanana zimejengwa katika kijiji kimoja. Kila nyumba ina taa 8 za LED, na kila taa hutumia wati 5, yaani wati 40 kwa jumla. Nyumba ya kwanza imeunganishwa na gridi ya taifa na hupata umeme wa volti 230. Nyumba ya pili hupata umeme wake kutoka kwenye betri ya volti 12 inayojazwa na paneli ya jua. Katika nyumba zote mbili fundi ametandika waya wa aina moja, ule unaojulikana madukani kwa jina la "waya wa 1.5", na umbali kutoka kwenye chanzo cha umeme hadi kwenye taa ni mita 15. Katika nyumba ya kwanza hakuna tatizo lolote. Katika nyumba ya pili sehemu moja katika kila kumi ya volteji hupotea njiani kabla ya kuzifikia taa.

Waya ni ule ule, taa ni zile zile, na wati ni zile zile. Tofauti inatokana na nini basi?

Swali hili linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu wengi huchagua waya kwa kufuata kanuni moja isiyoandikwa: kifaa kikubwa, waya mnene, kifaa kidogo, waya mwembamba. Shaba ni ghali, na mwenye nyumba anayehesabu kila shilingi hufurahi kuambiwa kwamba kwa taa chache waya mwembamba unatosha. Mara nyingine ushauri huo ni sahihi. Mara nyingine huzaa taa hafifu, betri inayokufa kabla ya wakati wake, au moto ndani ya dari. Ili kuzitenganisha hali hizo, hapana budi kuelewa kwamba waya huulizwa maswali mawili, wala si moja. Swali la kwanza ni la joto, na la pili ni la umbali.

UNENE WA WAYA HUPIMWAJE?

Namba inayoandikwa kwenye waya, mathalani 1.5 au 2.5, si kipenyo chake. Ni eneo la uso wa shaba unaoonekana pale waya unapokatwa wima, nalo hupimwa kwa milimita za mraba. Waya wa 1.5 wenye uzi mmoja wa shaba una kipenyo cha milimita 1.38, wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78. Gamba la plastiki halihesabiwi. Kwa hiyo waya unaoonekana mnene kwa nje huenda ukawa na shaba kidogo ndani yake, na mnunuzi anayepima kwa macho hudanganyika kwa urahisi.

Saizi zinazotumika majumbani hupanda kwa hatua: 1, 1.5, 2.5, 4, 6, 10 na 16. Katika nyumba za zamani za Afrika ya Mashariki, zilizotandikwa nyaya kabla ya vipimo vya metriki kuenea katika miaka ya 1970, bado hukutwa nyaya zilizopimwa kwa inchi. Waya ulioandikwa 3/.029 una nyuzi tatu, kila uzi ukiwa na kipenyo cha inchi 0.029; eneo lake ni karibu milimita 1.3 za mraba. Ule wa 7/.029 una nyuzi saba na eneo la karibu milimita 3 za mraba. Fundi anayeongeza taa katika nyumba ya namna hiyo hana budi kujua ameunga waya wake mpya na waya wa saizi gani.

Jedwali lifuatalo linaonyesha tabia mbili za kila saizi ya waya wa shaba. Ya kwanza ni ukinzani wa mita moja, kwa miliomu, yaani sehemu za elfu za omu, katika nyuzijoto 20 za Selsiasi. Ya pili ni mkondo mkubwa kabisa ambao nyaya mbili za saketi moja, zenye kihami cha PVC na zilizopitishwa katika bomba lililofungwa ukutani, zinaweza kuuchukua mfululizo bila kupita kiasi cha joto, iwapo hewa inayozizunguka ina nyuzijoto 30.

Saizi 1: miliomu 18.1 kwa mita, ampea 13.5
Saizi 1.5: miliomu 12.1 kwa mita, ampea 17.5
Saizi 2.5: miliomu 7.41 kwa mita, ampea 24
Saizi 4: miliomu 4.61 kwa mita, ampea 32
Saizi 6: miliomu 3.08 kwa mita, ampea 41

SWALI LA KWANZA: JE, WAYA UTAPATA JOTO KIASI GANI?

Mwaka 1841 James Prescott Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, Uingereza, alichapisha matokeo ya vipimo vyake vya joto linalotokea ndani ya waya unaopitisha umeme. Aligundua kwamba joto hilo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne; ukiongezeka mara tatu, joto huwa mara tisa. Katika hesabu, wati zinazogeuka kuwa joto ni sawa na mkondo, mara mkondo, mara ukinzani.

Kanuni hiyo ikitumiwa kwa waya wa 1.5, matokeo yake ni haya. Mkondo wa ampea 15 huzalisha karibu wati 2.7 za joto katika kila mita. Mkondo wa ampea 30 huzalisha karibu wati 11 katika mita hiyo hiyo. Lakini mkondo wa taa 8 zilizotajwa, ambao katika nyumba ya volti 230 ni ampea 0.17 tu, huzalisha chini ya sehemu moja ya elfu ya wati. Joto hilo hakuna mkono unaoweza kulihisi.

Shaba yenyewe haiogopi joto la namna hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085. Kinachoogopa ni kihami chake. Plastiki ya PVC iliyo ya kawaida katika nyaya za nyumbani imekusudiwa kuvumilia nyuzijoto 70 mfululizo. Ikizidishiwa kwa muda mrefu hulainika, kisha hukauka na kupasuka, na hatimaye shaba mbili zilizotenganishwa hukutana. Hapo ndipo shoti hutokea.

Namba za jedwali hazipaswi kuchukuliwa kama zilivyo bila kutazama mahali waya unapopita. Chini ya paa la mabati, wakati wa jua kali, hewa ya darini huweza kufika nyuzijoto 45. Waya uliokwisha kupashwa joto na hewa una nafasi ndogo ya kuongeza joto lake wenyewe. Kwa hiyo uwezo wake huzidishwa kwa 0.79. Ampea 17.5 za waya wa 1.5 huwa takriban 13.8. Iwapo saketi mbili zimepitishwa katika bomba moja, kila moja ikimpasha mwenzake, uwezo huzidishwa tena kwa 0.8, na kilichobaki ni ampea 11. Waya haukubadilika, lakini theluthi moja na zaidi ya uwezo wake imeondoka.

WAYA HUCHAGULIWA KWA AJILI YA FYUZI

Msomaji makini atauliza: ikiwa taa zote 8 huhitaji ampea 0.17 tu, kwa nini fundi asitumie waya mwembamba kama ule wa kengele ya mlangoni? Joto lake lingekuwa dogo, na gharama ingepungua.

Jibu ni kwamba waya haulindwi na taa, bali hulindwa na fyuzi, au na saketi breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo unapozidi. Taa zikiwa nzima, mkondo ni mdogo. Lakini panya akitafuna kihami, au msumari wa picha ukitoboa bomba ukutani, mkondo hautauliza taa zinahitaji kiasi gani. Utapanda mpaka fyuzi ikatike. Waya unapaswa kustahimili mkondo wowote ambao fyuzi itauruhusu kupita, kwa muda wote ambao fyuzi itauruhusu.

Kutokana na hilo hupatikana mpango wa ngazi tatu ambao kila fundi aliyefunzwa huufuata. Mkondo wa vifaa usizidi kipimo cha fyuzi. Na kipimo cha fyuzi kisizidi uwezo wa waya. Saketi ya taa aghalabu hulindwa kwa fyuzi ya ampea 5 au saketi breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 1.5, hata ukipunguziwa uwezo darini hadi ampea 11, bado uko juu ya breka ya 10. Ndiyo sababu saizi hiyo imekuwa ya kawaida kwa taa. Haikuchaguliwa kwa sababu taa zinauhitaji unene huo; imechaguliwa kwa sababu fyuzi inaudai, na pia kwa sababu waya mwembamba zaidi hukatika kwa urahisi unapovutwa ndani ya bomba.

Mpango huu huvunjwa kwa namna mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni kubadili fyuzi bila kubadili waya. Katika masanduku ya zamani, fyuzi ni uzi mwembamba wa shaba iliyopakwa bati. Uzi wa fyuzi ya ampea 5 una kipenyo cha milimita 0.2, na wa ampea 20 una milimita 0.6. Fyuzi inapoungua usiku, na duka limefungwa, mwenye nyumba huchomoa uzi mmoja katika kipande cha waya wa 2.5 wenye nyuzi saba na kuufunga mahali pa fyuzi. Uzi huo una kipenyo cha milimita 0.67. Kwa kitendo hicho, saketi iliyokuwa na ulinzi wa ampea 5 sasa ina ulinzi unaozidi ampea 20, ilhali waya uliomo ukutani ni ule ule wa taa. Taa huwaka, na hakuna dalili yoyote ya kosa. Hatari imekaa kimya ikingojea siku ya hitilafu.

Namna ya pili ni kuipa saketi ya taa kazi isiyo yake. Soketi hufungwa kwenye waya wa taa kwa ajili ya redio. Baada ya miezi michache redio huondolewa na pasi ya wati 1,500 huchomekwa. Pasi hiyo huvuta ampea 6.5. Breka ya ampea 6 hujikata mara kwa mara, na fundi asiye mwangalifu huiondoa na kuweka ya ampea 20. Tatizo lililoonekana limeondoka, na tatizo lisiloonekana limezaliwa. Soketi za ampea 13 zinastahili saketi zake zenyewe, ambazo kwa kawaida hutandikwa kwa waya wa 2.5.

SWALI LA PILI: JE, UMEME UTASAFIRI UMBALI GANI?

Swali la joto halitaji urefu wa waya hata kidogo. Mita moja ya waya hupata joto lile lile iwe peke yake au iwe sehemu ya mita mia moja. Lakini ukinzani hujumlishwa kwa kila mita, na hapo swali la pili linaingia.

Aliyeliweka swali hili katika hesabu alikuwa mwalimu wa sekondari. Georg Simon Ohm alifundisha hisabati na fizikia katika shule moja mjini Cologne, Ujerumani, kuanzia mwaka 1817, na vyombo vya maabara ya shule hiyo vilimwezesha kufanya majaribio kwa nyaya za urefu na unene mbalimbali. Mwaka 1827 alichapisha kitabu chenye kanuni ambayo leo kila mwanafunzi wa fizikia huijua: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Aghalabu kanuni hiyo hutumiwa darasani kwa ajili ya kifaa kilicho mwishoni mwa waya. Ni vyema kukumbuka kwamba hutumika pia kwa waya wenyewe. Waya wenye ukinzani hujichukulia sehemu ya volteji, na kifaa hupata kilichobaki.

Katika kupiga hesabu, kosa la kawaida ni kusahau kwamba umeme huenda na kurudi. Taa iliyo mita 15 kutoka kwenye chanzo ina mita 30 za shaba katika njia yake. Kwa waya wa 1.5, ukinzani wa njia hiyo ni 30 mara miliomu 12.1, yaani omu 0.363.

Katika nyumba ya volti 230, mkondo wa taa 8 ni ampea 0.17. Volteji inayopotea ni 0.17 mara 0.363, karibu volti 0.06. Ukilinganisha na volti 230, upotevu huo ni chini ya sehemu moja katika elfu tatu. Desturi ya mafundi ni kuruhusu upotevu usiozidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vifaa vingine. Nyumba hii haijafika hata asilimia moja.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba mwenye umeme wa gridi hahitaji kamwe kufikiria umbali. Shule yenye kisima mita 120 kutoka kwenye jengo la ofisi ni mfano mzuri. Pampu yake ndogo huvuta ampea 5 tu, mkondo ambao waya wa 1.5 huuchukua bila kutoa jasho. Lakini njia ya kwenda na kurudi ni mita 240, na ukinzani wake ni omu 2.9. Volti 14.5 hupotea njiani, zaidi ya asilimia 6. Waya wa 2.5 hupunguza upotevu hadi volti 8.9, chini ya asilimia 4. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kwa dakika hiyo ya kuanza volteji huporomoka, na mota iliyonyimwa volteji huweza kushindwa kuzunguka, ikanguruma mahali pake na kuungua. Pampu ikifa namna hiyo, lawama huangukia mtengenezaji wake. Waya mwembamba uliozikwa ardhini hausemwi.

KWA NINI VOLTI 12 NI TOFAUTI

Sasa jibu la fumbo la nyumba mbili liko karibu. Wati ni zao la volteji na mkondo. Wati 40 kwa volti 12 huhitaji ampea 3.33, karibu mara 19 ya mkondo wa nyumba ya kwanza. Kwa hiyo volti zinazopotea katika waya ule ule ni mara 19 pia: 3.33 mara 0.363, yaani volti 1.2. Lakini volti hizo 1.2 hazitolewi katika 230. Hutolewa katika 12. Upotevu unaongezeka mara mbili, kwanza kwa sababu mkondo umekua, na tena kwa sababu hazina yenyewe imepungua. Ukilinganisha kwa asilimia, nyumba ya volti 12 hupoteza mara 367 zaidi ya nyumba ya volti 230, namba ambayo mwanafunzi ataipata kwa kugawanya 230 kwa 12 na kuchukua kipeo cha pili cha jibu.

Jambo hili si geni katika historia ya umeme. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street mjini New York, Septemba 1882, alisambaza mkondo mnyoofu kwa volti 110 hivi. Kwa volteji ndogo kiasi hicho, nyaya nene za shaba zilihitajika hata kwa wateja wa mitaa ya karibu, na gharama ya shaba ilikuwa mzigo mkubwa wa biashara hiyo. Edison alibuni mpango wa nyaya tatu uliopunguza shaba kwa zaidi ya nusu, lakini ushindi wa mwisho ulikuwa wa mkondo geu, ambao transfoma huweza kuipandisha volteji yake kabla ya safari na kuishusha tena mwishoni. Mwenye nyumba ya sola, bila kujua, anakabiliana na tatizo la Edison. Tena volteji yake ni ndogo mara tisa kuliko ile ya Pearl Street.

Afanyeje? Njia ya kwanza ni kuongeza unene wa waya. Kwa mita 15 zile zile na ampea 3.33 zile zile, waya wa 2.5 hupoteza volti 0.74, sawa na asilimia 6. Wa 4 hupoteza volti 0.46, karibu asilimia 4. Na wa 6 hupoteza volti 0.31, chini ya asilimia 3. Hivyo taa ndogo zisizofika wati 50 zinadai waya ambao katika nyumba ya gridi hupewa majiko. Kwa mtu aliyezoea kutazama wati tu, jambo hili halisadikiki mpaka apige hesabu.

Njia ya pili ni kupunguza umbali. Betri ikiwekwa katikati ya nyumba badala ya pembeni, mita 15 huweza kuwa 7 au 8, na upotevu hupungua kwa nusu bila kununua shaba zaidi. Njia ya tatu ni kugawa taa katika saketi mbili au tatu zinazoanzia kwenye betri, ili kila waya ubebe sehemu tu ya mkondo. Njia ya nne ni kupandisha volteji. Betri mbili za volti 12 zikiungwa mfululizo hutoa volti 24, na mradi taa na vifaa vingine ni vya volti 24, mkondo hupungua kwa nusu na upotevu kwa asilimia hupungua hadi robo. Katika mfano huu hata waya wa 1.5 ungetosha, kwa kuwa upotevu ungekuwa asilimia 2.5.

BETRI INAYOKUFA KWA NJAA

Taa hafifu huonekana kwa macho. Madhara mengine ya waya mwembamba katika umeme wa jua hayaonekani upesi, nayo ni ghali zaidi.

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 huhitaji kufikishiwa takriban volti 14.4 ili ijae sawasawa. Kifaa kinachosimamia kazi hiyo ni chaji kontrola, nacho, kisipokuwa na waya wa pekee wa kupimia, hupima volteji mahali kilipo, si mahali betri ilipo. Iwapo kontrola na betri zimetenganishwa kwa mita 3 za waya wa 1.5, na paneli zinatoa ampea 10, basi volti 0.7 hupotea katika kipande hicho kifupi. Kontrola husoma 14.4 na kudhani kwamba betri inakaribia kujaa, kwa hiyo huanza kupunguza chaji. Kumbe betri imepata 13.7 tu. Mkondo ukipungua, upotevu nao hupungua, na betri ingejaa hatimaye kama ingepewa saa za kutosha. Lakini jua huchwa kabla ya hapo.

Betri inayolala nusu tumbo siku baada ya siku hufanya fuwele za salfeti ya risasi katika mabamba yake. Mwanzoni fuwele hizo huyeyuka kwa chaji. Zikiachwa hukomaa na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Mwenye nyumba huamini kwamba aliuziwa betri mbovu, na hununua nyingine, ambayo nayo hufa vivyo hivyo. Mita 6 za waya wa saizi 6, kwenda na kurudi, zingepunguza upotevu hadi chini ya volti 0.2. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya betri.

Onyo moja liongezwe hapa. Volti 12 hazimrushi mtu, na kwa sababu hiyo huonekana kama mchezo wa watoto. Lakini betri kubwa ya risasi ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba usio na fyuzi huwa mwekundu kwa sekunde chache. Fyuzi ni lazima, na mahali pake ni karibu kabisa na ncha ya betri.

MAUNGIO NA SHABA BANDIA

Hesabu zote zilizotangulia zinadhani kwamba waya ni shaba safi na kwamba viungo vyake ni imara. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe huweza kuwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Kwa ampea 10, kiungo hicho hutoa wati 10 za joto mahali padogo kuliko ukucha. Waya wote uliobaki unaweza kuwa wa baridi, na sehemu hiyo moja ikaunguza boriti ya dari. Kwa sababu hiyo viungo vyote hukazwa kwa skrubu, ndani ya kisanduku kinachoweza kufunguliwa na kukaguliwa.

Tena zipo sokoni nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Rangi yake ni ya shaba, lakini ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba ya saizi hiyo hiyo. Kisu hutoa ushahidi: uzi ukikwanguliwa, weupe wa alumini huonekana chini ya wekundu.

MAJARIBIO YA DARASANI

Majaribio yafuatayo hayahitaji umeme wa gridi, wala mwanafunzi asijaribu kamwe kuyafanya kwa umeme huo.

La kwanza ni kupima unene. Waya wa uzi mmoja uvuliwe kihami na kuzungushwa mara 10 kwenye penseli, mizunguko ikigusana. Upana wa mizunguko yote upimwe kwa rula na kugawanywa kwa 10. Waya wa 1.5 utoe karibu milimita 14 kwa mizunguko 10, na wa 2.5 karibu milimita 18. Upana ukipungua sana, muuzaji ana la kujibu.

La pili ni kupima uzito. Mita moja ya waya wa 1.5 iliyovuliwa kihami ina takriban gramu 13 za shaba. Alumini ya ukubwa huo haifiki gramu 5, kwa kuwa uzito wake ni chini ya theluthi moja ya shaba. Mizani ya maabara itamfichua mdanganyifu hata pale ambapo rangi imefaulu.

La tatu ni kupima upotevu. Balbu ya gari ya wati 21 iungwe kwenye betri ya volti 12 kwa mita 10 za waya pacha wa saizi 0.5, na fyuzi iwekwe kwenye ncha ya betri. Volteji ipimwe kwanza kwenye betri, kisha kwenye balbu. Tofauti itakuwa zaidi kidogo ya volti moja, na balbu itatoa karibu theluthi mbili tu za mwanga wake. Kisha waya ubadilishwe kwa ule wa 2.5 na vipimo virudiwe. Wanafunzi watakaokuwa wamepiga hesabu kabla ya kupima wataona kanuni ya Ohm ikitabiri jambo ambalo macho yao yatalithibitisha.

UTARATIBU WA KUCHAGUA

Anayetaka kuchagua waya na afuate hatua hizi. Ajumlishe wati za vifaa na kuzigawa kwa volteji ili apate mkondo. Achague fyuzi au breka iliyo juu kidogo ya mkondo huo. Achague waya ambao uwezo wake, baada ya kupunguziwa kwa ajili ya joto la dari na wingi wa nyaya katika bomba, haupungui kipimo cha breka. Kisha apime umbali, aukunje mara mbili, na ahesabu volti zinazopotea. Zikizidi asilimia 3 kwa taa, apande saizi moja na kuhesabu tena. Kati ya saizi mbili zilizopatikana, ya joto na ya umbali, iliyo nene ndiyo jibu.

Katika nyumba ya gridi, hatua ya breka ndiyo huamua mara nyingi. Katika nyumba ya sola, hatua ya umbali huamua karibu kila mara. Kazi yenyewe ya kutandika nyaya za gridi ibaki mikononi mwa fundi mwenye leseni. Lakini hesabu si siri ya mafundi. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu, rula na jedwali dogo anaweza kuikagua nyumba ya wazazi wake, akauliza fyuzi ya taa ni ya ampea ngapi, na akajua kama jibu alilopewa linaafikiana na waya uliomo ukutani.